Mlango Husomwa kwa Mgongo

Anayesaka mlango wa kale katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bagamoyo kupanda Saadani hadi Pangani, karibu kila mara huanzia pabaya: huanzia usoni. Huonyeshwa nakshi, akaambiwa kwamba ua hili ni yungiyungi, samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi (au ni utumwa, kutegemea ni mgeni gani anayesikiliza), kisha hutajiwa umri. Umri huo aghalabu ni miaka 200 na zaidi, na haushuki mpaka bei ishuke. Tuseme maana zote hizo ni za kweli. Bado hazituambii lolote kuhusu umri, kwa kuwa samaki aliyechongwa mwaka jana ana maana ileile ya samaki aliyechongwa enzi za misafara. Hoja ya makala haya ni kwamba nakshi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Mashahidi wa kutegemewa wako mgongoni mwa mlango, kwenye kingo zake, kwenye ncha zinazozunguka ndani ya vizingiti na kwenye ukuta uliouzunguka, na wengi wao hunyamaza siku mlango unapong'olewa.

Kabla hata ya kuugusa mlango, historia ya mji wenyewe huchuja madai mengi. Utajiri wa Bagamoyo uliojenga nyumba za mawe ni wa karne ya 19, pale misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Tabora na Ujiji ilipokuwa ikiishia hapo kabla ya kuvuka kwenda Unguja. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868, mji ukiwa katika kilele. Wajerumani waliufanya makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Na reli iliyoanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 ikamaliza kazi ya wapagazi. Kwa hiyo fedha za kumlipa fundi wa nakshi zilimiminika Bagamoyo kwa miongo michache tu. Anayeuza mlango wa Bagamoyo wa mwaka 1750 aulizwe kwanza ulikuwa katika nyumba gani. Wapo watakaoitaja Kaole, ambayo magofu yake yanarudi nyuma hadi karne ya 13. Lakini kilichosimama Kaole ni matumbawe na chokaa; mbao haidumu hivyo penye chumvi, mvua na mchwa. Haya hayathibitishi kwamba mlango mkongwe zaidi hauwezi kupatikana, maana ungeweza kuletwa kwa jahazi kutoka kwingine. Yanachofanya ni kumbebesha muuzaji mzigo wa kuthibitisha.

Mtindo nao husaidia, ila kwa upande mmoja. Milango ya kizingiti cha juu kilichonyooka ndiyo ya mtindo wa awali. Ile yenye tao, iliyojaa majani na maua yaliyosokotana, ilishamiri mwishoni mwa karne ya 19, hasa enzi za Sultan Barghash (1870–1888), wakati ladha ya Kihindi ilipotawala Unguja na miji iliyokuwa ikiitazama. Basi mtindo unaweza kusema "si kabla ya wakati fulani". Hauwezi kusema "si baada yake", kwa sababu fundi wa leo huchonga tao na mstari ulionyooka kwa patasi ileile. Hata mwaka uliochongwa juu ya kizingiti si mwisho wa maneno. Kwanza, tarakimu huchongeka kirahisi kuliko ua. Pili, huo ni mwaka wa Hijria, wenye siku 354 hivi, na wengi huugeuza kwa kujumlisha 622 tu. Mlango ulioandikwa 1290 ni wa mwaka 1873, si 1912. Kosa hili si la kitaaluma peke yake: 1330 Hijria ilianza Desemba 1911, lakini kwa hesabu ya kujumlisha huwa 1952. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kwa jumlisha moja ya ovyo, mlango unaolindwa na sheria hugeuka bidhaa ya kawaida.

Sasa tuugeuze. Mlango wa mwambao haukuning'inizwa kwa bawaba. Kila ubawa una ncha mbili, ya juu na ya chini, zinazokaa ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye vizingiti, na mlango mzima huzunguka hapo. Katikati upo mfaa, ule mhimili wa nakshi unaofunika ufa wa mabawa mawili. Umegongomewa kwenye ubawa mmoja tu na kuulalia ule wa pili kwa nje. Kwa kuwa mlango hufunguka kwa ndani, ubawa wenye mfaa hauwezi kuvutwa kabla ya mwenzake. Ule usio na mfaa ndio hutangulia, na ndio watu waliopita kila siku. Wa pili ulifunguliwa ulipoingia mzigo, jeneza au harusi. Hapa ndipo msakaji makini anapopata kipimo ambacho wachache hukikumbuka: mlango ulioishi hauchakai sawasawa. Ncha ya chini ya ubawa wa kila siku imelika kuliko ya mwenzake, tundu lake limepanuka, ubawa umeshuka kidogo na kuchora upinde kwenye kizingiti. Kizingiti chenyewe kimeingia ndani upande huohuo, kwa nyayo. Riza, yaani mnyororo wa kufungia, imeacha mkwaruzo wa mwezi mchanga kwenye ubao kwa kuning'inia na kuyumba miaka nenda miaka rudi, na tumbuu yake, ile pete inayoishikilia, imelegea ndani ya mti. Anayeuzeesha mlango kwa makusudi huupiga msasa na kuupaka oili chafu pande zote mbili kwa usawa, kwa sababu yeye anafikiria uzee, hafikirii matumizi.

Mgongo una habari zaidi, kwa sababu hapo fundi hakuwa akimwonyesha mtu kazi yake. Upande wa ndani wa ubao wa zamani aghalabu uliachwa na alama za tezo, vijibonde vifupi vinavyofuatana kama mawimbi ya maji kupwa, au mistari iliyonyooka na isiyo sawa ya msumeno wa mikono ya watu wawili. Msumeno wa duara wa mashine huacha matao. Matao hayo si hati ya kumfungia mtu, kwa maana mashine za kupasulia mbao zilikwisha ingia nchini enzi za Wajerumani, lakini huuondoa mlango huo katika zama za misafara. Misumari iliyofuliwa na mhunzi ni ya pembe nne. Ya kiwandani ni ya mviringo, waya uliokatwa. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haikuwapo kabla ya miaka ya 1930. Hapa lakini pana mtego unaowanasa hata wajuzi: msumari mpya katika mlango mkongwe waweza kuwa matengenezo ya haki kabisa. Kinachosomwa si msumari uliopo bali tundu la ule uliong'oka, kama lina pembe na kama kutu yake imepenya ndani ya nyuzi za mti. Njumu nazo, vile vichwa vya shaba vilivyotokeza usoni mwa mlango, zisomwe kwa nyuma. Njumu ya kazi ina msumari wake uliopenya ubao na kukunjwa; njumu ya pambo ni bati la shaba lililobandikwa juu.

Pingamizi la kwanza ni la wanaotumainia maabara: kwa nini kuhangaika na mikwaruzo wakati kaboni inaweza kupima? Kwa sababu kaboni hupima ni lini mti ulikua, haipimi ni lini ulichongwa, na kwa miti iliyokua kati ya karne ya 17 na katikati ya karne ya 20 majibu yake hutawanyika mno kiasi cha kutofaa kwa swali letu. Mlaghai mwerevu hatumii mbao mpya hata hivyo. Hununua boriti ya nyumba iliyoanguka au ubao wa jahazi bovu, mvule au msaji wa kweli wenye umri wa kweli, akachonga nakshi juu yake. Mdudu ndiye anayemuumbua. Wadudu wanaotoboa mbao husafiri ndani kwa ndani, kisha hutokea nje kwa kitundu kidogo cha mviringo. Ukiona juu ya nakshi vitundu vya mviringo, mdudu alikuja baada ya patasi. Ukiona mifereji iliyopasuliwa kwa urefu, wazi kama mtaro, patasi ilikuja baada ya mdudu: mti ni wa babu, kazi ni ya mjukuu. Wanaokusanya mashine za michezo ya video za miaka ya 1970 na 1980 huko Marekani wana mazoea kama hayo. Makasha mengi ya mashine hizo yaliondolewa mchezo wake wa asili, yakawekewa mwingine na kubandikwa picha mpya, kwa hiyo mjuzi hapotezi muda na picha. Hufungua nyuma kulinganisha namba za kasha na za saketi. Tofauti ni kwamba kasha la mchezo lilitoka kiwandani na namba yake, lakini namba ya mlango imeandikwa ukutani.

Ndiyo, ukutani. Miimo ya fremu ilijengewa ndani ya ukuta wa matumbawe na chokaa, na sehemu iliyozikwa humo haikuona jua wala upepo wa bahari. Mpaka kati ya mti ulioungua kwa jua na ule uliofichika, doa la chokaa ya kuchomwa badala ya saruji, jinsi boriti za mikoko zilivyolala juu ya kizingiti, upande ambao nyumba ilitazama: hivyo vyote huonekana mlango ukiwa mahali pake na huvunjika saa moja ya mtaimbo. Mara nyingi dalali hung'oa mabawa peke yake, kwa kuwa ndiyo yanayobebeka, akaiacha miimo na vizingiti. Yale matundu ya ncha, kizingiti kilicholika na upinde wake hubaki nyuma, na mabawa hufika sokoni bila mashahidi wake.

Kuna pingamizi zito zaidi. Nyumba nyingi za mji wa kale zimeachwa, paa zimeanguka, mchwa haungoji kibali, na kila masika huondoka na kitu. Je, si afadhali mlango uingie ukumbi wa hoteli kuliko kuoza mahali pake? Wengine huongeza kwamba milango ilihama tangu zamani, nyumba ikianguka mlango ukapata nyumba nyingine. Yote mawili ni kweli, na hayapingani na hoja hii. Mlango uliohamia mtaa wa pili uliwekwa tena kazini, ukaanza kuchakaa upya, na jirani aliyejua ulikotoka alikuwa bado yupo. Kuokoa nako kunaruhusu kuhamisha, mradi kuanze na picha za mgongo, vipimo vya matundu, na ubawa upi una mfaa, kisha mabawa, miimo na vizingiti viondoke pamoja, Idara ya Mambo ya Kale ikiwa na habari. Hiyo ni kazi ya siku moja au mbili. Asiyeipatia muda huo hawezi kudai kwamba aliharakishwa na mchwa.

Na kwa anayetaka tu mlango mzuri wa kupita asubuhi na jioni, mafundi wa nakshi wangalipo mwambaoni, na kazi yao haina upungufu wowote isipokuwa pale dalali anapoiongezea miaka. Mteja na amwombe fundi achonge jina lake na mwaka. Achonge mgongoni, chini kidogo ya riza, mahali ambapo msakaji wa miaka 100 ijayo atatazama kwanza.