Mpingo Unasifiwa Isivyo

Kila wanaposifu klarineti nzuri watu husifu mti. Huambiwa kwamba ule utamu mzito wa sauti unatoka kwenye mpingo, huu wetu wa Kilwa na Lindi. Ningependa sana iwe kweli. Lakini sifa hii naikataa.

Ndani ya klarineti kinachotetema ni hewa, si ukuta. Mwaka 1964 mwanafizikia wa Marekani, John Backus, alichapisha vipimo vyake juu ya jambo hili, wala hakuona ushahidi kwamba mtetemo wa ukuta unabadili sauti. Tazama basi tundu la ndani. Klarineti ya Kiingereza iitwayo 1010, ya Boosey & Hawkes, ilikuwa na tundu la milimita 15.2 hivi, za Kifaransa huwa karibu 14.6. Tofauti haifiki milimita moja! Hata hivyo, nisikilizapo santuri za Jack Brymer, aliyepiga 1010, nasikia sauti pana inayotanda chumba kizima, ilhali ile ya Kifaransa hukaza na kwenda moja kwa moja kama mshale.

Kuna pia kingo za matundu ya vidole. Fundi akizichonga kwa ndani zikaviringika, hewa hupita bila kukwaruzwa, na noti iliyokuwa imebana hufunguka. Arthur Benade alilieleza hili kwa makini sana, lakini matangazo ya wauzaji hulipita kimya na kuimba weusi wa mti. (Weusi wenyewe mara nyingi ni rangi ya kupakwa.)

Mpingo unayo heshima yake, ila ni heshima ya karakana: mgumu, mzito hata huzama majini, una mafuta, hukerezeka laini na kushika vipimo alivyochonga fundi. Lakini huchukua miongo mingi kukomaa, na sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa vumbi na vipande. Buffet Crampon wanatengeneza klarineti ziitwazo Greenline kwa unga wa mpingo, nyuzi za kaboni na gundi. Anayetaka kunibishia na apigiwe hiyo na ya mti mzima, zenye tundu la aina moja, mpigaji akiwa nyuma ya pazia.