Kiatu Kionyeshacho Uso

Desturi ya askari ya kung'arisha viatu mpaka vionyeshe uso wa mtu imekwisha kutoka kambini na kuingia mashuleni mwetu. Twaona yafaa ipimwe kama kazi nyingine yoyote ya mikono: kilicho chema kisifiwe, na kilicho pungufu kisemwe.

Kwanza kazi yenyewe. Ngozi ina vitundu vidogo, na nuru iipigapo hutawanyika huku na huku. Basi askari huchukua kiwi (dawa hiyo ilianza kuuzwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, nasi kwa jina la ndege huyo wa New Zealand twaita hata dawa ya viatu isiyo yake), akaviringisha kitambaa kidoleni, akapaka kidogo sana, akatia tone la maji au mate, akazungusha kidole taratibu. Nta huziba vitundu, tabaka juu ya tabaka, mpaka nuru irudi pamoja kama katika maji ya kisima yaliyotulia. Askari wa Uingereza, ambao mabuti yao ya zamani yalikuwa na ngozi ya vipele, walizoea kwanza kuvilaza vipele hivyo kwa mgongo wa kijiko cha moto. Ni kazi ya saa nyingi, wala haikubali haraka. Hapo twasifu bila kubakiza.

Lakini tazameni mahali mng'ao unapokaa. Hukaa kwenye ncha na kisigino tu. Pale vidole vikunjapo kiatu, nta ngumu hupasuka. Mtu aendaye njia ya matope hutaka mafuta ya kulainisha ngozi na kuzuia maji, nayo mafuta hayo hufifiza mng'ao.

Tena husemwa kwamba mng'ao ndio mama wa utii. Hapa hatukubali. Askari wa Keya, jeshi lililoundwa mwaka 1902, walipiga gwaride miaka mingi kwa miguu mitupu, na wengi wakapigana hivyo katika vita vya 1914 hata 1918. Utii wao haukungoja kiwi. Jeshi la nchi kavu la Marekani nalo, kufikia mwaka 2008, lilikuwa limeacha mabuti meusi na kushika ya ngozi isiyong'arishwa. Na buti la ofisa, lililong'aa kuliko yote, mara nyingi lilipigwa kiwi na mtumishi wake. Utii ulioonekana pale ulikuwa wa nani?

Nasi tuna kosa letu. Mwaka mmoja tulimsimamisha mwanafunzi mbele ya wenzake, tukavisifu viatu vyake, tukawakemea waliokuja na vumbi, ambao walikuwa wametembea tangu alfajiri. Yule tuliyemsifu alipopiga magoti kuokota chaki, tuliona soli zake zote mbili zimetoboka, na matundu yamezibwa kwa karatasi za daftari la hesabu.