Kupoteza au Kuzidiwa?

Kuna tafsiri moja iliyozoeleka mno katika habari za biashara, nasi hatuwezi kuiachia ipite. Waingereza husema "lose out to" pale mfanyabiashara anapokosa wateja kwa kuwa mshindani wake amewavuta. Wafasiri wetu huifanya "kupoteza kwa", tukapata sentensi ya namna hii: "Wauza nguo wa Mtaa wa Kongo wanapoteza kwa waagizaji wakubwa." Wanapoteza nini? Au nguo zao zimepotelea huko kwa waagizaji?

Kosa hili si dogo. Kupoteza ni kukifanya kitu kipotee. Mtendaji ni yule yule mwenye hasara. Mshindani, aliyesababisha yote, amefichwa nyuma ya "kwa", mahali asipoonekana kutenda lolote. Kiswahili kina kauli ya kutendwa, na neno "na" humtaja mtendaji waziwazi. Watangazaji wa mpira nao siku hizi hutuambia kwamba Simba "wamepoteza" mbele ya Yanga. Pita Msimbazi au Jangwani jioni ya mechi usikie kama mashabiki husema hivyo. Kwao, timu imefungwa.

Tutumie neno lipi basi? "Kushindwa na" lafaa shindano lililokwisha. Biashara ya Kariakoo haina kipenga cha mwisho: aliyeuza kidogo leo, kesho hufungua duka tena. Hapo twapendekeza "kuzidiwa na". Wapo watakaosema kuwa anayezidiwa ni mgonjwa. Ni kweli, lakini akitajwa mshindani utata huondoka. Na wacheza bao, ambao si wagonjwa, huzidiwa kete kila siku.

"Kunyang'anywa" lataka hadhari zaidi. Mwaka 2025, malumbano juu ya wafanyabiashara wa kigeni Kariakoo yalipamba moto, na mwezi Julai Serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Katika habari kama hiyo, anayeandika kwamba wenyeji "wamenyang'anywa" wateja amekwisha kuhukumu: pana mnyang'anyi. Anayeandika "wamepoteza" amewatupia wenyeji lawama ya uzembe, pengine bila kukusudia. "Wamezidiwa" humwachia msomaji nafasi ya kuuliza wamezidiwa kwa lipi: kwa mtaji, kwa bei, au kwa kukifikia kiwanda moja kwa moja.

Na pale Mwingereza asipomtaja mshindani, "kukosa" latosha.