AfyaData: Jinsi Programu ya Morogoro Ilivyovuka Hatua ya Majaribio

Kompyuta za watengeneza programu wengi nchini zimejaa kazi za nusu: mfumo wa duka ulioishia kwenye ukurasa wa kuingilia, daftari la kikoba ambalo hakuna mwanachama aliyewahi kuliona. Uvivu si sababu. Kila mradi ulianza sifuri, na nguvu zikaishia kwenye msingi kabla mwenye kazi hajagusa lile jambo lililomsukuma kuanza.

Ndiyo maana AfyaData inastahili kuchambuliwa. Ni programu ya simu ya kuripoti magonjwa ya watu na wanyama, iliyotengenezwa na SACIDS, taasisi yenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro.

Hitaji lilikuwepo kabla ya programu. Mwaka 2006 na 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilizikumba Kenya na Tanzania, mkoa wa Morogoro ukiwemo. Ugonjwa huo hutoka kwa mifugo na kuingia kwa watu, hivyo mfugaji anayeona ng'ombe wake wakitupa mimba mfululizo ana habari ambayo hospitali bado haina. Habari hiyo ikipanda kwa karatasi kutoka kijiji hadi kata, kisha wilaya, inafika wakati wagonjwa wameshalazwa.

Watafiti wa SACIDS hawakukimbilia kuandika msimbo. Kwanza walitumia zana za wengine: EpiCollect ya Imperial College London, na Open Data Kit (ODK), iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. ODK ni programu huria, na ina sifa moja ambayo milima yetu inaidai: fomu hujazwa bila mtandao, hukaa kwenye simu, kisha hutumwa mtandao unapopatikana. Mtu anayekagua mbuzi wa maziwa kule Mgeta, mkoani Morogoro, ng'ambo ya mgongo wa mlima usio na mawasiliano, anaweza kumaliza kazi yake zizini na kuituma akifika mahali simu inakamata.

Zana hizo zilipotumika ndipo pengo likaonekana. Taarifa ilikwenda upande mmoja tu. Aliyeripoti hakujibiwa, na mtu asiyejibiwa huchoka kuripoti.

Desemba 2014, katika mkutano wa EpiHack jijini Arusha, watengeneza programu walikaa na wataalamu wa afya ya binadamu na ya mifugo kuchora suluhisho kwa pamoja. AfyaData ilitokana na juhudi hizo. Upande wa simu ulijengwa juu ya msimbo wa ODK, kwa hiyo fomu, hifadhi na utumaji havikuhitaji kubuniwa upya. Jasho likaelekezwa kwenye jibu. Dalili zikifika kwenye seva, hulinganishwa na hazina ya maarifa ya magonjwa iliyoandaliwa na wataalamu, na mripotaji hurudishiwa ugonjwa unaodhaniwa pamoja na ushauri wa hatua za kuchukua. Wakati huohuo maofisa husika hupata taarifa.

Tena hawakuanza na nchi nzima. Majaribio yalifanyika Ngorongoro na Morogoro, na mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Profesa Esron Karimuribo ikachapisha uzoefu wake ili wengine wajifunze.

Ni kweli SACIDS ilikuwa na wafadhili na wataalamu, na kijana anayeandika programu peke yake usiku pale Msamvu, Morogoro mjini, hana hivyo. Lakini uamuzi uliobeba kazi nzima haukuhitaji fedha: kutenga kile ambacho tayari kipo duniani na kile ambacho hakipo, kisha kujenga cha pili tu. Mtaka yote hukosa yote.

Mwenye daftari la kikoba lililolala afungue kazi yake leo na ajiulize ni sehemu ipi ambayo hakuna mwingine ameifanya. Pengine ni ukurasa mmoja tu, ule unaomwonyesha mwanachama hisa zake na deni lake kwa namna anayoielewa. Auandike huo, mengine ayachukue kwenye programu huria, kisha ampe mweka hazina wa kikundi kimoja autumie kwenye kikao kijacho. Kikundi kimoja kinachoutumia kinatosha kuuita uzinduzi.