Yakuti ya Shangazi

Ami yangu, mzaliwa wa Unguja aliyezeekea Bustan, ukimuuliza "jiwe gani hili?" hakujibu. Kwanza hulifuta, na hulifuta mpaka uanze kutazama saa. Mafuta ya vidole, husema, yameshawaponza wengi.

Kila asubuhi hukaa barazani, mlima nyuma yake, mbele ana karatasi nyeupe, kibano na lenzi ya mara 10. Lenzi huiegemeza jichoni. Kinachosogezwa ni jiwe. Macho yote mawili huyaacha wazi. Mie nilifumba moja, likanichoka kabla ya kahawa. Siku hiyo alinipa akiki mbili. Moja ilikuwa na viputo vya mviringo ndani: kioo kitupu. Ya kweli ilikuwa baridi zaidi hata nilipoigusisha mdomoni. Akanipa na tanzanaiti ya Mererani ambayo haijapigwa moto. Niliizungusha polepole: buluu, urujuani, kisha wekundu wa kahawia. Ningeizungusha mpaka adhuhuri.

Ndipo Shangazi akaja na pete ya marehemu bibi yao, "yakuti" iliyovuka nao bahari.

Ami aliifuta. Akachukua daikroskopu, kimrija chenye vidirisha viwili. Yakuti huonesha humo wekundu wa namna mbili, mmoja wa kizambarau, mwingine wa kichungwa. Vidirisha vikaja sare. Akaigeuza pete, sare. Akaigeuza tena, maana hata yakuti ina upande mmoja unaoficha rangi ya pili. Sare.

Kwenye rifraktomita, chombo kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, alitia tone la mafuta yake maalumu, akalaza uso wa jiwe. Kivuli kilisimama 1.718, mstari mmoja. Yakuti ingetoa miwili, karibu na 1.76 na 1.77. Spineli, basi, kama jiwe kubwa jekundu la taji la Uingereza ambalo hadi leo linaitwa yakuti. Nilidhani kazi imekwisha. Yeye akarudi kwenye lenzi: spineli za kiwandani zilizoyeyushwa kwa moto husoma karibu 1.728, naye alitaka kuona kwa jicho. Akanipisha nichungulie. Ndani mlikuwa na msururu wa fuwele ndogondogo za nyuso nane. Ya ardhini.

"Haya kaka, yakuti au si yakuti?"

Ami alimtazama dadake, akachukua kitambaa.

"Ngoja nilifute tena."