Kila Faili na Umri Wake

Mafundi waliojenga Kilwa Kisiwani walichambua mawe kabla ya kuinua ukuta. Jiwe gumu la matumbawe lililochimbwa nchi kavu lilikwenda kwenye kuta, likashikwa kwa chokaa. Tumbawe laini lililotolewa baharini lilichongwa lingali bichi, maana likikauka huwa gumu, nalo liliwekewa kazi ya nakshi: miimo ya milango, mihrabu, mapambo. Ingia leo katika Msikiti Mkuu, pita sehemu ya kaskazini iliyo ya kale zaidi, uende ile ya kusini yenye kuba, iliyoongezwa karne ya 14 na baadaye kujengwa upya. Uchambuzi ule huuoni popote. Unaona msikiti.

Sisi tunaoshinda tukitengeneza visakinishi vya programu za wavuti tuna haki ya kuwahusudu mafundi wale, kwa sababu sehemu bora ya kazi yetu nayo hufanyika kabla na haionekani baadaye. Mtu anabofya, anasubiri kidogo, anafungua kivinjari, mfumo huo hapo. Nani atauliza mafaili yalipangwaje?

Wapo wanaodhani programu ya wavuti haihitaji kisakinishi, si iko mtandaoni? Iko mtandaoni pale penye mtandao. Pale intaneti inapokatika, mfumo mzima ndio unaomfuata mtumiaji: seva, hifadhidata na kurasa zote zinaingia kwenye kompyuta moja ya zahanati au shule. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kupata makao yake ya kwanza Eldoret, Kenya, una pia kifurushi kinachobeba seva ya Tomcat na hifadhidata yake humohumo. Kifurushi cha namna hiyo kinaweza kuvuka maji kutoka Kilwa Masoko hadi kisiwani kikiwa kwenye flashi mfukoni mwa abiria wa mashua. Kikipungua faili moja, huko kinakokwenda hakuna pa kulipakua.

Basi, kupanga. Anayeandika programu hupanga mafaili kwa aina: picha huku, mitindo kule, msimbo pale. Kwake yeye ni sawa kabisa. Mtengeneza kisakinishi huuliza swali jingine: faili hili litabadilishwa na nani, na litaishi mpaka lini? Msimbo ni wetu, na hufa kila toleo jipya linapotoka. Faili la mipangilio, lenye namba ya mlango wa seva na nywila ya hifadhidata, tunalizaa sisi lakini likishafika ni mali ya msimamizi wa mfumo. Picha na nyaraka zinazopakiwa na watumiaji hazikuwa zetu hata siku moja, nazo ndizo zitakazoishi kuliko vyote. Mafaili matatu yanaweza kuwa na aina ileile na umri tofauti kabisa, na hayafai kulala folda moja.

Wazee wa Unix walilijua hili. Kanuni ya kupanga mafaili ya Linux, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1994, inatenga programu kwenye /usr, mipangilio kwenye /etc na vinavyobadilikabadilika kwenye /var. Windows nayo ina Program Files kwa programu na ProgramData kwa data. Majina tofauti, akili ileile.

Atakayepuuza atafundishwa na Tomcat. Programu ya wavuti ya Java huletwa kama faili moja la WAR, na Tomcat hulifungua kuwa folda. Folda ile inavutia, iko wazi, na mwandishi mvivu huhifadhi humo picha zilizopakiwa. Zinaonekana vizuri tu, miezi na miezi. Siku toleo jipya likiwekwa, Tomcat hufuta folda ya zamani na kufungua WAR mpya, na picha zinakwenda na maji. Tomcat haina kosa: imetupa kilichowekwa mahali pa kutupwa. Ndiyo maana DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, husoma mipangilio yake kutoka folda iliyo nje ya WAR.

Kisha kuna nyota. Katika hati ya Inno Setup, chombo cha kutengeneza visakinishi vya Windows ambacho kipo tangu 1997, unaweza kutaja faili mojamoja, au kuandika nyota na kuzoa folda yote. Nyota ni tamu. Inazoa pia kumbukumbu za makosa, na lile faili la .env lenye nywila ya mwandishi mwenyewe. Mimi nasimama na wanaotenga kwanza folda safi ya kusafirishia, wakanakili humo vinavyohitajika tu, ndipo nyota ipite juu ya folda hiyo. Ni hatua moja zaidi, na wenye haraka huiruka.

Humohumo kwenye folda safi ndipo pa kukagua herufi kubwa na ndogo. Nembo.PNG na nembo.png ni kitu kimoja kwa Windows. Kwa seva ya Linux ni mafaili mawili, na moja halipo.

Kipimo cha mpangilio hakipo kwenye usakinishaji wa kwanza, ambao hata kifurushi kibovu huufaulu. Kipo kwenye toleo la pili, linapokuta mipangilio iliyorekebishwa kwa mkono na msimamizi. Inno Setup ina alama ya kuamuru faili liwekwe tu kama halipo, lakini huwezi kuitumia kwa usahihi kama hukuyatenga mafaili yenye haki hiyo tangu mwanzo. Na kipo siku ya kuondoa: folda ya programu ifutike yote, mpaka mafaili ya muda, na ile ya kumbukumbu za wagonjwa isiguswe mpaka mwenyewe aulizwe.