Mzoga wa Kingaru na punda wa Ukonongo

Machi 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta msafiri David Livingstone akiwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Hawakufika mbali. Huyo wa Sultani alifia Kingaru, safari ingali changa, na mwenzake akamfuata muda mfupi baadaye.

Stanley alifanya jambo ambalo wafugaji wengi hata leo hawalifanyi: aliupasua mzoga. Tumboni alikuta mtama na majani yasiyosagika, minyoo mifupi minene 25 iliyong'ang'ania ukuta wa tumbo, na utumbo umejaa minyoo mirefu myeupe. Akaona amepata jibu.

Sikubaliani naye. Hiyo iliyong'ang'ania inafanana sana na mabuu ya nzi anayetaga mayai kwenye manyoya ya farasi. Farasi huyalamba, na mabuu hukaa tumboni kwa miezi. Mabuu ishirini na tano si mengi kiasi cha kumwua. Mtama unanitia shaka zaidi. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake na hawezi kutapika, kwa hiyo nafaka nyingi kwa mkupuo huchacha, hujaa gesi, na huweza kulipasua. Lakini wawili kufa kwa kufuatana, pwani, masika yakianza? Hapo ningeuliza habari za mapafu. Kuna maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoenezwa na usubi, ambayo hujaza mapafu maji, hutoa povu puani na huua upesi. Maelezo ya Stanley ni ya tumbo na utumbo.

Kwetu Inyonga, katika Ukonongo, magharibi mwa Tanzania, si nchi ya farasi; mbung'o wa miombo hawampi nafasi. Punda yupo, na kwake makosa ni yale yale. Akikonda, mfugaji hukimbilia dawa ya minyoo. Huenda ni minyoo kweli. Huenda ni meno yenye ncha: akidondosha mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu, mfungue kinywa. Au ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Fizi zilizopauka, homa ya kupanda na kushuka, uvimbe chini ya tumbo na miguuni, vyote humwelekeza mtu kwa mbung'o, na hapo inatakiwa damu chini ya hadubini. Sindano ya diminazini tuliyoizoea kwa ng'ombe huwadhuru punda na farasi kwa urahisi zaidi. Dozi aipange daktari wa mifugo kwa uzito wa mnyama.

Halafu nyuki. Januari 1872, Stanley na Livingstone wakitoka Ujiji kwenda Tabora kupitia Ukawendi na Ukonongo, kundi la nyuki lilimvamia punda ambaye Stanley alimnunulia Livingstone. Badala ya kukimbia, punda huyo alijibwaga akagaragara. Livingstone aliandika kuwa alikufa baada ya siku mbili, kwa kuumwa kichwani, usoni na midomoni. Kwangu hiyo ni taarifa bora kuliko ya Kingaru: inataja chanzo, sehemu za mwili na muda.

Kwa warina asali wa Inyonga, sehemu hizo za mwili ndizo muhimu. Punda afungwe mbali na mizinga, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Akiumwa usoni, tazama pua kabla ya kitu kingine, maana jamii ya farasi huvuta pumzi kwa pua, mdomo hauwasaidii. Pua ikiziba kwa uvimbe hufa hata kama sumu yenyewe angeihimili.